Mume wangu amejua nilichukua karatasi ya chama kingine, sasa anataka picha ya kura yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Moshi, naishi Houston, Texas. Mume wangu alipata viza ya bahati nasibu, tukaja pamoja. Yeye anaendesha lori la masafa marefu, mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, zamu ya usiku. Wote wawili tumeshakula kiapo cha uraia.

Machi 2024 nilikwenda kupiga kura kwenye uchaguzi wa mchujo, ule ambao kila chama kinachagua wagombea wake. Huku Texas mtu hajiandikishi kwa chama. Ukifika kituoni unaulizwa unataka karatasi ya chama gani, unapewa, basi. Nikachukua ya Democratic; mume wangu ni wa Republican, chama pinzani kinachopinga utoaji mimba. Mume wangu sikumwambia. Alikuwa safarini, na kwetu siasa ikianzishwa mezani chakula kinapoa.

Juzi baada ya ibada, kijana mmoja wa jumuiya yetu ya Watanzania, ambaye anamfanyia kampeni mgombea fulani, akamwambia mume wangu mbele ya watu: "Kumbe mama watoto ni wa upande ule!" Alikuwa ameliona jina langu kwenye orodha ya wapiga kura. Tulirudi nyumbani kila mtu anaangalia dirisha lake.

Mume wangu ni mlokole wa kweli, si wa Jumapili tu. Kwake suala ni moja, utoaji mimba, na mengine yote yanasubiri. Anasema nimempigia shetani, nimeiaibisha nyumba, na kwamba yeye ndiye kichwa cha familia kwa hiyo kura zetu hazipaswi kugombana. Maneno yake hasa: "Kura yako inaifuta yangu, heri tungelala wote." Sasa ameamua kwamba uchaguzi wa Novemba tutakwenda pamoja na nikimaliza nipige picha ya mashine nimwonyeshe.

Shangazi, mimi sifurahii utoaji mimba. Watoto wangu nimewapata kwa shida. Lakini nina mengine moyoni. Wazee ninaowaogesha kila usiku wengi wao wanalipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ikikatwa sijui watakwenda wapi, na mimi sijui nitakwenda wapi. Binti yangu wa darasa la pili anafundishwa shuleni jinsi ya kujificha na kunyamaza mtu mwenye bunduki akiingia. Tangu yale ya Uvalde, hapa hapa Texas, Mei 2022, watoto 19 na walimu wawili waliopigwa risasi shuleni, simwachi getini bila kusali. Na baba yake amenunua bastola, ipo kwenye droo ya kitanda. Nikiuliza naambiwa ni haki ya katiba.

Nilimweleza wifi yangu ukweli, kwamba kaka yake siku hizi anafikiriwa na podikasti, vile vipindi vya mtandaoni anavyosikiliza kwenye lori. Wifi akayapeleka kwenye grupu la familia, mama mkwe akanipigia kutoka Moshi saa tisa usiku niko kazini. Sasa watu ambao hawajawahi kuiona Texas wanajadili nimpigie nani.

Halafu yupo shemeji yangu, mdogo wake mume, tunakaa naye. Amekuja miaka miwili iliyopita, ana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, uraia bado. Mume wangu anamhimiza naye ajiandikishe "tuongeze kura", maana alipokwenda kuchukua leseni ya udereva walimpa fomu. Hilo si shida yangu sana, ila naona anatafutiwa mtu wa kunizidi kura ndani ya nyumba yangu.

Nimwonyeshe picha niwe na amani, au nishike msimamo nyumba ivunjike?

Mama Wawili, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Umemwandika mumeo kurasa nzima, halafu ukatupia la shemeji mwishoni na kusema si shida yako. Hilo ndilo lililonifanya niweke kikombe chini. Mpigie sasa hivi, umwulize kama ile fomu aliijaza, na kama aliijaza, alitia sahihi wapi.

Kura za kuchagua rais na wabunge wa Marekani ni za raia peke yao. Tangu sheria ya 1996, asiye raia akipiga kura hiyo anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kurudishwa kwao, awe na kadi ya kijani au asiwe nayo. Hata asipofika kituoni, kutia sahihi mahali palipoandikwa "mimi ni raia wa Marekani" ni kosa linalojitegemea, na kwa mambo ya uhamiaji ni miongoni mwa yale ambayo karibu hayana msamaha. Texas hawana mchezo nalo. Mwaka 2017 huko Tarrant County, upande wa Fort Worth, mama mmoja mwenye kadi ya kijani, aliyeletwa Marekani akiwa mchanga, alihukumiwa miaka minane kwa sababu alipiga kura. Mwambie mumeo kwamba kura zake mama huyo alikuwa akiwapa Republican, na hazikumsaidia kitu.

Watu wetu hupotea kwa sababu fomu inatolewa na serikali yenyewe. Sheria ya 1993 inazitaka ofisi za leseni ziwape watu nafasi ya kujiandikisha, kwa hiyo karani anamnyooshea kila mtu. Kupewa fomu hakuna maana kwamba mtu amekukagua akaona unastahili. Kama shemeji hajaijaza, aichane. Kama ameshaipeleka, asipige kura hata moja, asiandike barua ya kujieleza kwa mtu yeyote, aende kwa wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Nasema wakili, si yule ndugu wa jumuiya anayejua kila fomu. Siku atakapoomba uraia ataulizwa kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura, na hapo akidanganya anaongeza kosa juu ya kosa.

Hili likimfikia mumeo kwanza, tena kutoka kwako, kwa upole, litafanya kazi kubwa kuliko hotuba yoyote. Atajua kwamba anayebishana naye ndiye anayemlinda mdogo wake.

Sasa tuje kwako.

Kijana aliyekuchungulia hana adabu, lakini sheria hakuivunja. Texas wanaandika nani alipiga kura, na kwenye mchujo wanaandika alichukua karatasi ya chama gani. Orodha hiyo ni ya wazi, watu wa kampeni wanaitumia kila siku. Ulimpigia nani hakuna anayejua. Kwa maoni yangu ni sheria mbovu, hasa kwa watu wa jumuiya ndogo kama yenu ambako kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu, lakini ndiyo iliyopo. Novemba ni tofauti, hapo panaandikwa tu kwamba ulifika.

Wala karatasi ya mchujo si cheti cha ndoa na chama. Novemba uko huru kumpigia yeyote. Kinachokubana ni duru ya pili ya mchujo wa mwaka uleule, huwezi kuhamia kwa wenzao. Isitoshe Texas wapo watu wa Democratic wanaochukua karatasi ya Republican kwa makusudi, kwa sababu tangu 1994 hakuna Democratic aliyeshinda cheo cha jimbo zima, kwa hiyo wanaona mchujo wa wenzao ndio uchaguzi wenyewe. Kwa hiyo huyo kijana aliona karatasi, roho yako hakuiona.

Picha usipige. Kwanza Texas hairuhusiwi kutumia simu ndani ya futi 100 za mashine za kura, kama mita 30 hivi. Ungeweza kumjibu hivyo tu ukamaliza, lakini usijifiche nyuma ya sheria, maana atatafuta njia nyingine, na mwakani atataka kitu kingine. Mwambie wazi: hata ingeruhusiwa nisingekuonyesha, na ya kwako siitaki. Mtakwenda kwa gari moja, mtapanga foleni moja, kisha kila mtu na mashine yake. Asikuulize ukitoka. Nawe usimuulize.

Kuhusu kichwa cha nyumba, mimi nimekulia madrasa Unguja, Biblia sitamfundisha mlokole. Mwombe mchungaji mnayemwamini nyote wawili, mkae. Ila hoja ya "kura yako inaifuta yangu" naifahamu, ina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Kabla ya marekebisho ya 19 ya katiba, yaliyowapa wanawake kura mwaka 1920, waliopinga walichapisha vipeperushi vikisema hivyohivyo: wake za watu wataongeza tu kura za waume zao au watazifuta, kwa hiyo faida iko wapi? Nchi ikawajibu. Mumeo amekula kiapo cha kuilinda katiba hiyohiyo anayoitaja kila ukiuliza habari za bastola. Haki ya bunduki ni marekebisho ya pili. Ya kwako ni ya 19. Zote zimo humohumo.

Halafu hesabu zenyewe hazimsaidii. Rais wa Marekani anapatikana kwa kura 270 kati ya 538 za wajumbe wa majimbo, na Texas inazitoa zake zote 40 kwa aliyeongoza jimboni hata kwa kura moja. Mara ya mwisho Texas kumpa mgombea urais wa Democratic ilikuwa 1976, Jimmy Carter. Kwa hiyo kwenye urais kura yako haijamwondolea mumeo chochote tangu muhamie. Ningekuwa wewe nisingemwambia hilo kwa kucheka, lakini ni kweli.

La mimba ndilo zito, na hapo sitaki umdharau. Mtu anayeamini kwamba mtoto tumboni ni mtu kamili, hawezi kulichukulia kama suala la bei ya petroli. Ukimwambia "acha ushamba" umeshamkosa. Lakini anakosea anapodhani chama na msimamo ni kitu kimoja. Marekani ina vyama viwili vinavyoshinda, na ukienda kupiga kura ni kama kununua fungu la nyanya sokoni Kariakoo: huchagui moja moja, unachukua fungu lenye nzuri nyingi kwa macho yako, na mbovu mbili tatu zimo. Yeye kachukua fungu lake, wewe lako. Muulize, kwa nia ya kusikiliza, ni nyanya gani kwenye fungu lake anayoitupa akifika nyumbani. Dereva wa lori mwenye ndugu Moshi wanaosubiri viza hakosi moja.

Na asidhani ni wewe peke yako. Mahakama Kuu ya Marekani iliiondoa hukumu ya Roe ya 1973, iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, mwezi Juni 2022, ikayarudishia majimbo suala zima. Novemba 2024 wananchi wa Missouri waliingia kituoni, wakampa Donald Trump ushindi mkubwa, na siku hiyohiyo, karatasi hiyohiyo, wakapitisha haki ya kutoa mimba iingie kwenye katiba ya jimbo lao. Florida nako Trump alishinda, na watu 57 kati ya kila 100 waliunga mkono pendekezo kama hilo, likaanguka kwa sababu kule linahitaji 60. Maana yake wapo mamilioni waliochagua mgombea mmoja na msimamo wa mwenzake. Wewe ni kinyume chao, unachukia utoaji mimba na umechukua karatasi ya Democratic. Texas haina utaratibu wa wananchi kukusanya sahihi na kupeleka swali kama hilo kwenye kura ya jimbo zima, kwa hiyo mumeo hajapata nafasi ya kuona majirani zake wakigawanyika namna hiyo. Wangegawanyika.

Hiyo ndiyo sababu nakushauri uache kubishana naye majina ya vyama. Yana faida gani jikoni kwenu? Bishaneni yale yanayolala ndani ya nyumba yenu.

Bastola ndiyo ya kwanza. Umeandika ugomvi na bastola katika barua moja, nami nimeyaona yote mawili. Sijaona kwamba amekutisha. Ikifika siku akakutisha, hilo si la siasa tena na wala si la kuandikia safu hii, ondoka na watoto na uite polisi. Lakini hata nyumba yenye amani haiweki silaha kwenye droo yenye watoto. Haki ya kuimiliki anayo, Texas tangu Septemba 2021 haimtaki hata kibali cha kuibeba mtu mzima asiye na zuio. Ila Texas hiyohiyo inamshitaki mzazi aliyeacha bunduki yenye risasi ovyo, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Kwa hiyo usimwombe aiuze, maana hapo mnaingia kwenye podikasti. Mwombe kasha la chuma lenye kufuli, linunuliwe mwezi huu, na ufunguo watoto wasijue ulipo. Hili ni ombi ambalo hata Republican wa kabila gani hawezi kulikataa bila kuona aibu.

Medicaid, mweleze kwa majina ya kazi yako. Sidhani kama umewahi kumweleza. Wewe unafanya kazi usiku, yeye yuko barabarani, mnakutana kwenye mlango wa friji. Mwambie bibi yule wa chumba fulani, bila kumtaja jina, analipiwa na nani, na zamu zako zinategemea nini. Mtu anaweza kubaki na chama chake na bado akaelewa mshahara wa mkewe unatoka wapi.

Novemba karatasi yenyewe ni ndefu kuliko anavyodhani. Texas hata majaji wanapigiwa kura tena kwa vyama, jambo ambalo mimi sijalizoea na sitalizoea. Tangu 2020 wameondoa kile kitufe cha kukipigia chama kizima kwa mkupuo, inabidi mtu ashuke mstari kwa mstari. Huko chini kuna jaji wa mambo ya familia, mtu anayekugusa mapema kuliko rais. Chukueni orodha hiyo nyumbani mapema, mkae nayo Jumapili moja. Mtashangaa ni mistari mingapi hamna ugomvi nayo.

Sasa na mimi nikulaumu kidogo. Yale ya podikasti kwa wifi hayakuwa na haja. Ulijua yatafika kwenye grupu, si kweli? Mwanamume aliyeaibishwa kanisani na kijana wa kampeni, akaja kuaibishwa tena Moshi na mkewe, atatafuta pa kushikilia, naye kashikilia kura yako. Mama mkwe usimjibu kwa siasa. Mpigie mchana, msalimie, muulize hali ya mguu au ya mahindi, na akianza habari za uchaguzi mwambie, "Mama, hilo tunalizungumza na mwanao." Kwenye grupu usiandike neno. Wifi mwache na maneno yake.

Wazanzibari wa umri wangu tuna kumbukumbu na mambo haya. Baada ya uchaguzi wa 1995, kwa ajili ya CCM na CUF, watu walisusiana maduka, wakasusiana mazishi, wapo walioachana na watoto juu. Ilichukua hadi kura ya maoni ya Julai 2010 ndipo tukakubaliana kuwa na serikali ya pamoja. Waliogombea walikwishaketi meza moja wakanywa chai, na wapo ndugu ambao hadi leo hawaendeani. Mwambie mumeo hilo kama mfano wa kwetu, hana haja ya kuchukua mfano wa Texas.

Umeniuliza picha na amani, au msimamo na nyumba kuvunjika. Sikubali kwamba ni hayo mawili tu. Aliyekasirika kwa sababu amejua jambo kutoka kwa mtu wa nje anataka kusikia kutoka kwako. Kwa hiyo mwambie wewe: nilichukua karatasi ile, sababu ni hizi, na utoaji mimba si mojawapo. Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, si saa mbili usiku unapovaa viatu vya kazi. Akipanda juu, acha, mwendelee siku nyingine.

Kisha angalia kama jina lako bado lipo kwenye orodha, hasa kama mmehama nyumba tangu 2024, maana Texas ukichelewa siku 30 kabla ya uchaguzi umekosa. Angalia na la mumeo pia. Lakini kabla ya yote hayo, ile fomu ya shemeji.

Shangazi yako